Mtamba wa Mahari na Ute wa Yai

Jumamosi, 8 Agosti 1964

Alhamdulillahi, siku haikuwa mbaya yote. Bwana mifugo alikuja. Alikuja tumeshachelewa kumwita, lakini alikuja, na pikipiki yake na chupa yake ya baridi, na vumbi la Msambweni mpaka kwenye kope. Namshukuru.

Niandike mambo kwa mpango, nikizeeka nisisahau. Mimi ni Chome wa Menza, mshona makuti wa Mwabungo. Nilimwoa Mbeyu, binti wa Mzee Tembo wa Kinondo, Disemba iliyopita, siku zile za bendera. Katika mahari nilitoa mtamba mwekundu, mzuri kwelikweli. Nikamwita Uhuru. Sasa kwao desturi ni hii: mtamba wa mahari hula kwao, hulala kwao, lakini ni mzigo wa mkwe mpaka ashike mimba. Akitaka dume, mkwe ndiye wa kuhangaika. Asiposhika, mahari hayajatimia, na binti hurudi kwa babake kungoja. Mbeyu alirudi mwezi wa Julai. Alilia njiani. Mimi nililia nyumbani, mlango nimeukomea.

Dume la Kahaso lilimpanda Uhuru mara mbili. Wapi! Huyu Kahaso alimposa Mbeyu kabla yangu akakataliwa, kwa hiyo hili lote kwake ni arusi. Anasema dume lake ni zima, mtamba wangu ndiye tasa. Jana barazani ameuliza mbele za watu, matunda ya Uhuru yataonekana lini? Watu wamecheka mpaka mmoja akaangusha kofia kwenye kahawa. Hata mimi nilicheka. Kusema kweli lilichekesha.

Ndiyo maana nilimfuata Bwana Abdurahman, bwana mifugo, kijana wa Tiwi aliyesomea bara, aje apandishe kwa mrija. Leo ametia mkono, glavu mpaka begani, akautoa, akatikisa kichwa. Amesema joto la kutaka dume limeshapita, ute umekatika. Akauliza ni nani aliyeziona dalili kwanza, na aliziona lini. Mzee Tembo akatazama mnazi. Chirau, shemeji yangu, akatazama ukucha wake.

Maana anayemtazama Uhuru kila siku ni mama mkwe. Na mtu na mama mkwe wake hawazungumzi habari za nyuma ya ng'ombe. Hata za mbele hatuzungumzi. Nikimwona njiani naingia kichakani, naye anageuza uso, heshima inapita katikati. Basi yeye huona dalili alfajiri, humwambia Mbeyu mchana, Mbeyu humwambia Chirau jioni, Chirau akimaliza bao lake huja kuniambia mimi, nami kesho yake nashika njia ya Msambweni. Mzee Tembo hamo katika mlolongo huu. Anasema ng'ombe si wake bado.

Bwana Abdurahman hakulaumu mtu. Alikaa akanywa dafu akatufundisha. Amesema mbegu ya dume, hata iwe bora vipi, ikifika tu haiwezi kitu. Ni lazima ikae kwanza katika majimaji ya njia ya uzazi ya jike. Majimaji hayo yana protini, vitu vya jamii ya ute wa yai, na hivyo ndivyo vinavyoiandaa mbegu ipate uwezo. Hata maji ya dume yana protini zake. Vikikutana kwa wakati wake, mimba. Wakati ukipita, mbegu hufa bure. Akasema hata zile mbegu anazobeba kwenye chupa zimechanganywa na kiini cha yai zisife njiani.

Mzee Tembo alisinzia. Mimi nilisikia kila neno. Protini! Ute! Yai! Basi nimeshajua tatizo. Uhuru ana upungufu wa ute! Kijana wa watu amenifungua macho, Mungu amzidishie.

Mzee alipozinduka alisema neno moja tu. Atangoja joto moja jingine. Likipita bure, Uhuru atarudishwa kwangu, mimi nitaombwa talaka, na Kahaso ameshamnong'oneza kwamba zizini kwake kuna ng'ombe mwenye mimba tayari.

Nimerudi nyumbani. Chanuo la Mbeyu bado liko dirishani. Silitoi.


Jumapili, 9 Agosti

Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Uhuru hana ute wa kutosha. Je, nani anao wa kuzidi? Jibu: Tunu, ng'ombe wa Kahaso. Tunu huzaa kila mwaka, hajui kupumzika. Yule lazima protini zinamwagika. Nikipata hata kijiko!

Nimekwenda kwa Kahaso mchana akiwa amelala. Nilichukua kifuu, kimesafishwa vizuri, mimi si mchafu. Tunu alikuwa amefungwa chini ya mkorosho. Nikamsalimu. Nikamwomba radhi. Nikainua mkia.

Sitaki kuandika mengi. Kifuu kimeonekana mara ya mwisho kikielekea upande wa baharini. Mimi nimeelekea upande wa pili, kwenye shimo la taka. Kahaso ameamka akaniuliza nafanya nini humo. Nikasema nimepita kumjulia hali. Akaniuliza, nikiwa kwenye shimo? Nikasema na yeye hajambo?

Namshukuru Mungu, Tunu amenipiga kwa mguu mmoja tu. Anayo minne.


Jumatatu, 10 Agosti

Goti limevimba, limekuwa kama fenesi. Sijashona kuti hata moja, na hoteli mpya ya Diani wanangoja.

Mji mzima unajua. Kahaso amesema barazani kwamba Chome wa Menza hukama ng'ombe upande usio na chuchu. Muuza kahawa amenipa kikombe cha bure, amesema mtu aliyemchekesha namna hii hamdai. Nimekunywa, nimeshukuru. Kahawa ya bure ni kahawa.

Halafu, nikiwa nimelala na goti juu ya mto, nikasikia kuku wa Mbeyu analia kwamba ametaga. Nikaruka! Goti likanikumbusha nisiruke. Lakini kumbe! Bwana Abdurahman amesema nini? Jamii ya ute wa yai. Kwa nini nihangaike na binamu wakati mwenyewe yumo ndani ya kiota nyumbani kwangu?

Taabu ile yote na Tunu! Mtu huenda mbali kutafuta alichokalia. Nimemshukuru kuku. Nimempa pumba.


Jumatano, 12 Agosti

Nimefanya! Naandika nikiwa bado na jasho.

Yai la kwanza lilikuwa na kifaranga. Astaghafirullahi. Nimelifukia. Mbeyu alinitumia neno kwa Chirau kwamba kuku anayeatamia asiguswe, sasa nimekumbuka. Mayai ya pili na ya tatu yalikuwa mabichi. Nimetenga ute, kiini nimekula. Chombo cha kupitishia nimekipata kwenye mpapai: kikonyo cha jani lake, kirefu, kina tundu mpaka mwisho. Bara watu wanasomea miaka, na mpapai umesimama pale nyuma ya choo!

Nimefika Kinondo mchana, saa ambayo mama mkwe huenda kisimani. Zizi la Mzee Tembo lina mlango mmoja, wa kuburura miti. Nikaingia. Uhuru akanitambua, masikini, akaninusa kikwapa. Nikafanya kazi. Ute ukaingia kiasi, na mwingine ukabaki nje unaning'inia, mrefu, unang'aa. Uzuri wake! Nikasema Bismillahi na Alhamdulillahi kwa pumzi moja.

Nikageuka kutoka. Mama mkwe huyo mlangoni, ndoo kichwani!

Salaala. Zizi halina kichaka. Nikajikunja nyuma ya Uhuru, nikajifunika uso na kapu la mayai. Yeye naye aliona miguu yangu, nadhani, maana aligeuka upesi akanipa mgongo. Akatua ndoo, akasimama pale pale akingoja mimi nitoke, kwa heshima. Lakini siwezi kutoka bila kupita karibu naye, hiyo ni aibu. Nikangoja yeye aondoke, kwa heshima. Yeye hakuweza kuondoka maana ingekuwa kama amenikimbia. Basi tukangojana. Jua likahama kutoka sikio langu hili likaenda la pili. Uhuru akajilaza. Nikabaki nimechutama wazi na kapu usoni.

Alituokoa mbuzi mmoja aliyekwenda kunywa maji ya ile ndoo. Mama mkwe akamkimbiza, nami nikatoka kwa goti moja.

Mwanamke yule ana adabu za watu wa zamani. Mwingine angepiga ukelele. Mwanaima binti Shutu, Mungu amweke. Laiti ningeweza kumwambia.


Alhamisi, 13 Agosti

Lo! Lo! Lo!

Jana nilikuwa nimeweka kalamu chini, ninasikiliza kuku, Chirau akafika kwa baiskeli ya kuazima, ulimi nje. Amesema nije upesi, Uhuru yuko kwenye joto. Mama mkwe ameona ute mrefu, mweupe, safi kabisa, unaning'inia mpaka chini. Baada ya aibu ya Jumamosi amesema safari hii hatuchelewi. Amemwambia Mbeyu papo hapo, Mbeyu amemwambia Chirau papo hapo, na Chirau, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuliacha bao katikati, ameliacha akiwa anashinda! Bwana Abdurahman ameshaitwa, yuko njiani.

Ningesema. Wallahi mdomo ulifunguka. Lakini Chirau alikuwa na furaha nyingi mno, na mimi nikajiambia, huenda dawa imefanya kazi haraka! Huenda ni ute wake mwenyewe umeitikia!

Tukafika. Watu wamejaa. Na Kahaso alikuwapo, amekuja na kiti chake. Bwana Abdurahman akavaa glavu. Akatazama. Akanusa. Akatia mkono, akautoa polepole, akautazama kwenye jua. Kwenye kidole chake kulikuwa na kipande cha ganda la yai.

Akauliza kwa upole kama kuna mtu anayejua lilikotoka ganda hili. Kahaso akasema labda mtamba anataka kutaga. Kicheko kile kimesikika Diani.

Nilinyoosha mkono. Nilieleza yote. Upungufu, protini, kikonyo cha mpapai. Nilimtaja bwana mifugo mwenyewe kuwa ndiye mwalimu wangu. Bwana Abdurahman akakaa chini kwenye nyasi akafunika uso, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia.

Alipoweza kusema alinieleza tena, pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Protini za mle ndani si yai la kuku. Ni za jike mwenyewe, mwili wake unazitengeneza, na hubadilika siku kwa siku, na zile za siku ya joto ndizo zinazoifaa mbegu. Hakuna wa kuzitia. Uhuru hana upungufu wowote. Upungufu ni wa habari kufika. Na yai bichi mle ndani huoza likamtia ugonjwa, angekuwa kwenye joto kweli ningemharibu. Amemwosha kwa maji safi ya vuguvugu. Akaniambia nimshukuru Mungu.

Nimemshukuru pale pale, kwa sauti.

Mzee Tembo hakucheka. Alisema kwamba mtu wa kumtia mtamba mayai angeweza kumtia binti yake kitu gani. Hilo limeniuma. Mbeyu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakucheka pia. Alinitazama tu, halafu akaingia ndani, na jinsi alivyoingia nimeiota usiku kucha.


Ijumaa, 14 Agosti

Baada ya sala nimekwenda kuomba radhi. Nimekaa kwenye mkeka nje, Mzee Tembo upande huu, Bwana Abdurahman upande ule, na mama mkwe nyuma ya ukuta wa makuti, asikie asionekane. Nimejifunika kichwa shuka. Nilisema nimekosa, sina la kujitetea, ila nampenda Mbeyu na nyumba imekuwa kubwa mno. Sikupanga kusema hilo la nyumba.

Kuku wakapita.

Halafu sauti ikatoka ukutani. Sauti ya mama mkwe! Hakusema na mimi. Alisema na ukuta. Aliuliza ukuta kama bwana mifugo hupita barabara kuu kila asubuhi akienda upande wa Diani. Bwana Abdurahman akaujibu ukuta, naam mama, shikamoo, kila asubuhi. Ukuta ukasema marahaba, basi hilo lina dawa. Hapo Mzee Tembo akaniambia niondoke. Amesema linalofuata ni la wenye macho. Wewe nenda kashone makuti yako, usiguse kitu, usifikiri kitu, mpaka uitwe.

Nimetoka nimeshukuru sana. Wamenitua mzigo! Wazee wa aina hii wako wapi tena? Mtu anakuambia usifikiri, anakuchukulia mawazo yako yote bure.

Nimejaribu kutofikiri mpaka magharibi. Ni kazi ngumu kuliko makuti.


Jumatano, 26 Agosti

Niandike upesi.

Asubuhi nilikuwa nimejitwika makuti kwenda hotelini Diani. Nikapita barabara ya Kinondo. Mawingu yamekaza, upepo unavuma. Ghafla naona kwenye ua wa michongoma, upande wa barabara kabisa, leso ya mama mkwe! Ile nyekundu na nyeupe, yenye maandishi MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Imetandazwa wazi, kila mpita njia anaisoma.

Nikajisemea, upepo umeipeperusha, mvua inakuja, mama wa watu ataharibikiwa na leso yake. Chome, hii ndiyo nafasi yako. Mkwe mwema haambiwi. Nikatua makuti. Nikaitoa leso ile miibani, taratibu, nikifumba macho kwa heshima, nikaikunja mara nne, nikaitia kwapani. Mara nasikia pikipiki inakuja. Ni Bwana Abdurahman. Akapunguza mwendo, akatazama ua, akaona michongoma mitupu. Akanipungia mkono. Nikampungia. Akapita.

Nilikuwa najisikia vizuri ajabu.

Ndipo Mbeyu akatoka mbio kutoka uani, mikono kichwani. Mwezi mzima sijaisikia sauti yake, na neno la kwanza aliloniambia siliandiki. La pili lilikuwa maelezo. Leso ndiyo dawa ya ukuta! Uhuru alianza jana jioni, amesimama apandwe na wenzake, ute wa kweli umeonekana alfajiri, mama ametandaza leso ili bwana mifugo akipita aione aingie, bila mama kunena na mwanamume habari za nyuma ya ng'ombe. Na joto la mwisho ndilo hili. Na mimi nimelikunja mara nne!

Nilikimbia.

Goti lile bovu, sijui lilikuwa wapi. Nilikimbia barabara ya Diani, leso ya mama mkwe nimeishika ncha mbili juu ya kichwa, inapepea yote, maandishi yake yote. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchota maji walikaa chini. Mtu na leso ya mama yake mkwe! Kwetu hata kukanyaga kivuli chake ni mwiko. Nikampita Kahaso na baiskeli yake, akaniuliza arusi ni ya nani. Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nilikuwa nikisema kimoyomoyo, Mbeyu, Mbeyu, Mbeyu, kila mguu ukigusa chini.

Pikipiki nikaikuta imesimama nje ya mgahawa. Bwana Abdurahman yuko ndani anakula mbaazi kwa mahamri. Nikasimama mlangoni nikaitandaza leso. Akaisoma. Akafuta mkono, akaacha mahamri mawili mazima, akaondoka na chupa yake. Mahamri yale niliyamaliza mimi. Kuyaacha ni kufuru, na mwenye mgahawa ni shahidi kwamba nilikula nikilia.

Niliporudi Kinondo kazi ilikuwa imekwisha. Bwana Abdurahman ameridhika. Amesema ute ulikuwa kama unavyotakiwa, safi, unavutika kama uzi kati ya vidole, na wakati ni wenyewe. Mzee Tembo akauliza ni nani aliyemleta. Chirau akaeleza. Alieleza vizuri kupita kiasi, na mikono akainua juu kuonyesha.

Na nyuma ya ukuta wa makuti mtu akacheka. Kwanza kidogo, kisha akashindwa, akacheka mpaka makuti yakatikisika. Mama mkwe wangu! Tangu nimwoe binti yake sijawahi kumsikia akicheka. Halafu ukuta ukatoa hukumu: leso iliyoshikwa na mkwe haivaliki tena, mkwe alete jozi mpya.

Nitaleta. Nitaleta nzuri. Hata ningeambiwa nilete duka.


Jumatano, 16 Septemba

Leo ndiyo siku ambayo Uhuru angerudi kwenye joto kama hakushika. Nimepita barabara ya Kinondo mara nyingi mpaka mbwa wao wameacha kunibwekea. Uani hakuna leso. Nimepita tena. Hakuna. Nimesimama mbele ya michongoma mitupu nimesoma Fatiha.

Mbeyu alikuwa anafagia. Alipita karibu na ua akasema, bila kunitazama, kama anasema na ufagio, kwamba chanuo lake asipolikuta dirishani patachimbika.

Anakumbuka dirishani!


Jumamosi, 28 Novemba

Bwana Abdurahman ametia mkono tena. Tulisimama wote. Mzee Tembo safari hii hakusinzia. Mkono ulikaa humo muda mrefu, na uso wa bwana mifugo haukusema lolote, na mimi nilianza kumwahidi Mungu vitu ambavyo sina.

Akasema ipo. Mimba ipo, imeshika vizuri.

Nilikaa chini. Chirau akapiga vigelegele, mwanamume mzima. Mzee Tembo akanishika mkono akaniinua, akasema mahari yametimia, mkwe wangu, kamchukue mkeo. Mkwe wangu! Nikaulizwa kama nina la kusema. Nilikuwa nalo jingi, lakini nililiambia ukuta tu. Niliuambia ukuta ahsante, mama. Ahsante kwa macho yako, na kwa leso yako, na kwa subira yako siku ile ya zizi. Ukuta ukapenga makamasi.

Hata Kahaso alikuja kunipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, lakini ulikuwa mkono. Anasema Tunu wake siku hizi ana kazi, amepandwa mara mbili na hajashika. Nikampa pole ya kweli.

Mbeyu ametembea mbele yangu mpaka Mwabungo, sanduku kichwani kwangu. Tulipofika alikwenda dirishani kwanza.


Jumapili, 29 Novemba

Nimeamka nimesikia mtu anapuliza moto jikoni. Nikalala tena kidogo ili niamke niusikie mara ya pili. Mola anajua kutoa.

Asubuhi Mbeyu amehesabu kuku wake. Akaniuliza vifaranga vya kuku aliyekuwa akiatamia mbona vimepungua kimoja. Nimesema kicheche. Amesema kicheche huyo anavaa shuka. Akacheka, nami nikacheka, na yakaisha.

Adhuhuri Chirau ameleta kapu kutoka kwa mama mkwe. Mayai, yamepangwa kwenye pumba za mpunga, makubwa. Ametuma na maneno: mama amemwambia Mzee, Mzee amemwambia Chirau, Chirau amemwambia Mbeyu, Mbeyu ameniambia mimi. Haya ni ya kula. Mbeyu amelisema mara mbili, ameshika kidole changu. Ya kula, Chome.

Nimeguswa sana. Nimekula mawili mbele yake, na chumvi, nimemwombea mama mkwe umri mrefu.

Yaliyobaki nimeyasogeza uvunguni, nimeyafunika kwa kipande cha kuti. Maana nimefikiri. Bwana Abdurahman ni kijana mzuri, na elimu anayo, lakini tuseme kweli: alipandisha Agosti tarehe ishirini na sita, na ute wangu uliingia tarehe kumi na mbili. Nani alitangulia? Alimwosha, ndiyo, lakini je, alimwosha mpaka kwenye kona? Njia ilikuwa imeshaandaliwa! Nimenyamaza tu, sitaki kumvunjia heshima mbele za watu.

Na Kahaso masikini, Tunu amepandwa mara mbili bure. Ni jirani. Amenipa mkono. Mtu aliyetendewa mema na yeye atende.

Mbeyu amekwenda kisimani. Kikonyo cha mpapai nimeshakata. Kahaso mchana huu amelala.